Mtani wa Mwongoza Ndege

Wivu wa mke kwa mwanamke anayetembea na mumewe naujua kwa kusimuliwa tu, Mungu aliniepusha nao. Wangu ulikuwa wa aina nyingine, na nasema ulikuwa mbaya zaidi, maana hata pa kuushtakia hapakuwepo. Ningekwenda kwa balozi wa nyumba kumi nikamwambie nini, kwamba kuna mwanamke anamchekesha mume wangu? Angeniambia nirudi nyumbani nikapike.

Mwanamke mwenyewe alikuwa muuza nazi. Alikuwa na kizimba chake pale sokoni Kariakoo, kule chini shimoni, na alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu. Mjane, mkubwa kwangu kwa umri, mnene, sauti ya kupasua, meno mawili ya mbele hana. Siyasemi haya kwa kumsengenya. Nayasema ili ieleweke kwamba sikuwa na sababu hata moja ya kumwonea wivu, na nilimwonea mpaka kichwa kikawa kinaniuma.

Yeye Mzaramo, mume wangu Mnyamwezi. Makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akibeba kitu chako humdai. Msibani kwako yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, na ukimfukuza wewe ndiye utakayeonekana huna adabu. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Nasi tuna watani wetu, lakini Mzaramo si mtani wangu, kwa hiyo mambo yao hao wawili mimi nilikuwa mtazamaji tu, tena ndani ya nyumba yangu.

Hodi alikuwa hapigi. Anaingia, anamkuta mume wangu kakaa kwenye kiti chake, anamwambia, "Mpagazi, ondoka hapo, kiti hicho ni cha watu wa mjini." Na mume wangu anaondoka. Mtu aliyesoma, aliyepelekwa kozi Nairobi, anahamia kwenye mkeka. Siku nyingine mama huyo anafunua sufuria yangu jikoni, anachagua paja la kuku, anaondoka nalo huku analitafuna. Kuku yule nilimpata kwa mbinde, nyakati ambazo hata unga wa njano tuliupangia foleni. Nikilalamika mume wangu ananiambia, "Mwache, mtani wangu yule. Na mimi nitakwenda kumchukulia nazi." Na kweli anakwenda, anabeba nazi bila kulipa, wanatukanana pale sokoni mpaka watu wanajaa kuwatazama. Anarudi nyumbani bado anacheka peke yake.

Akiwa nami hakuwahi kucheka hivyo. Hilo ndilo lililokuwa likinikereketa. Alikuwa mume mwema, ananiita mama watoto, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Lakini niliona kama mimi napewa heshima, na yule mwenzangu anapewa raha, na kati ya hivyo viwili hakuna aliyeniuliza nataka kipi.

Kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege, juu kwenye mnara. Alikuwa mwongoza ndege. Rubani akija, yeye ndiye anayemwambia shuka, au subiri, au zunguka kwanza juu ya bahari mpaka mwenzako atue. Wakati ninaousema Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, wenzake waliotoka Kenya na Uganda walikuwa wamerudi kwao, na kila aliyebaki akawa anafanya zamu za watu wawili. Mtani wake akapata la kusema. "Babu yako alibeba pembe za ndovu, wewe unabeba ndege. Kichwa cha Mnyamwezi hakijapata mapumziko." Wapangaji wote uani walicheka. Mimi nilikuwa natwanga kisamvu, nikaendelea kutwanga.

Ilianza na vikombe. Nikimwekea trei ya chai, anavitenganisha visigusane. Anakisogeza kimoja, anakitazama, anakisogeza tena kidogo. Nikadhani ni utanashati. Kisha vikaja viatu vya watoto pale mlangoni, navyo visigusane. Kisha watoto wenyewe. Wakipishana mbio ukumbini, wakikaribia kugongana, anawapigia kelele mpaka wanalia, mtu ambaye hakuwa na tabia ya kukemea. Usingizi nao ukamkimbia. Alikuwa analala chali macho wazi, na kukicha anakunywa chai kavu, anaondoka kwenda kuongoza ndege za watu.

"Baba watoto, una nini?" nilimwuliza.

"Uchovu tu."

"Uchovu gani wa kutenganisha vikombe?"

"Mama watoto, nimekwambia ni uchovu."

Nilimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, nilimpikia supu ya makongoro, nikamwambia yuko bibi mmoja Magomeni anajua dawa za usingizi, twende. Hakutaka. Nikanuna, maana kununa nako ni njia ya kuuliza. Hakuona hata kwamba nimenuna.

Sasa, jioni moja alikuwa amekaa kibarazani ametoka kazini, mimi nyuma ya mlango nakunja nguo nilizoanua. Muuza nazi akapita na kikapu chake kichwani akitoka sokoni. Akasimama. Akamwambia, "Mpagazi, leo mizigo yote imefika? Hakuna uliyoisahau baharini?"

Mume wangu alicheka. Lakini kicheko chenyewe hakikuwa na nguvu, kikakatika katikati, akajifunika uso kwa mikono. Nikatoka na nguo zangu begani, nikauliza, "Amesahau nini baharini?"

Muuza nazi akanitazama, akamtazama yeye, akatua kikapu chini. Kisha akamwuliza kwa sauti ya chini, "Hujamwambia mkeo?"

Nawaambieni, hapo ndipo roho iliponitoka. Ningepigwa kofi mbele za watu nisingeumia hivyo. Niliyemzalia watoto watatu, ninayejua hata jino lake lililooza ni lipi, nasimama mlangoni kwangu naulizwa na muuza nazi kama nina habari za mume wangu. Nguo nilizitupa pale pale chini, na zilikuwa zimeshakauka.

Muuza nazi akajiondokea. Mume wangu akanifuata chumbani, akanisimulia akiwa amesimama, anatazama ukuta. Siku moja, zamu ya pili mfululizo, alikuwa ameiambia ndege ndogo iliyotoka Mafia izunguke juu ya bahari isubiri. Kisha akaisahau. Akairuhusu ndege kubwa ishuke kupitia pale pale. Rubani wa ile ndogo aliona kwa macho yake, akakwepa. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeandika popote. Abiria wa ndege kubwa walishuka wakachukua mizigo yao wakaenda zao mjini. Tangu siku hiyo akifumba macho anaiona ile ndogo inazunguka inamsubiri.

"Na ukaona umwambie yule," nikasema.

"Sikumwambia. Alikuja kunipokonya kofia, nikamwambia chukua, mimi hata ndege nimeiacha baharini. Yeye akashika hapo hapo."

"Huko ndiko kumwambia."

"Mama watoto, yule ni mtani. Ukimwambia mtani ni kama hujasema. Nikikwambia wewe, inakuwa kweli."

Alidhani amenijibu vizuri. Nililala nimempa mgongo.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko wivu wangu, nalijua hilo, sikuwa mjinga. Waongoza ndege kila mwaka hupimwa na daktari, kama marubani. Wanapimwa macho, masikio, mapigo ya moyo, kisha daktari anauliza maswali. Unalala vizuri? Umewahi kuanguka kifafa? Umewahi kutibiwa akili? Ukipita unapewa cheti, na bila cheti huruhusiwi kupanda mnarani. Wenzake walikuwa wakifundishana majibu kama wanafunzi. Lala mapema, kunywa maziwa, ukiulizwa sema hapana, hapana, hapana. Maana aliyewahi kusema ndiyo walimwona alivyoshushwa, na mtaani kwake wakamwita mwehu mpaka akahama. Mume wangu zamu yake ya kupimwa ilikuwa inakaribia. Akisema kweli, huenda asipande tena mnarani, na kazi nyingine hakujua. Akidanganya, atarudi kule juu na macho yake yale mekundu, na chini yake watu.

Aliyemsukuma aseme kweli hakuwa mimi. Mimi nilikuwa naogopa, nikasema tuombe Mungu. Alikuwa ni yule yule. Alimwambia uani, mbele yangu, anakuna nazi ya mtu, "Mpagazi, usipomwambia daktari nitakuja mimi mwenyewe na mbuzi yangu ya nazi, nikae mlangoni kwake nikutangaze." Mume wangu akasema sawa, nitamwambia. Kumbe alikuwa anahitaji tu kutishiwa. Ningejua ningemtishia mimi.

Siku ya kupimwa nilifuatana naye. Chumba cha daktari kilikuwa Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Ngazi zilinuka udi na vitambaa vipya. Daktari aliyezoeleka alikuwa amestaafu, na huyu alikuwa mgeni kwetu, mtu mzima mwenye mvi, suti ya Chou En-lai, ile ya kola fupi, imepigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanionyesha benchi la nje. Mume wangu akaingia. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba.

Nilisikia akisomeshwa herufi, akiambiwa avute pumzi. Halafu nikasikia daktari akimwuliza kwao ni wapi. Akasema Tabora. Daktari akasema, "Ala, kumbe mpagazi. Umekuja na miguu au umepanda gari?"

Nikajua hapo hapo. Mzaramo mwingine.

Basi wakaanza. Mume wangu akamjibu kwamba amekuja kuangalia kama Wazaramo wameshajifunza kuvaa viatu. Daktari akacheka. Nikasikia sauti ya mume wangu inabadilika, inakuwa ile ya kibarazani, ile ambayo mimi sipewi. Nilikaa pale kwenye benchi nimeubana mkoba wangu, nawasikiliza wanachekana ndani, na sikusikia tena maneno mengine kwa sababu waliteremsha sauti. Kisha kikaja kicheko kikubwa cha wote wawili. Kisha kishindo cha muhuri.

Akatoka na cheti mkononi. Tulitembea mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wanakatiza huku na huku, akasimama katikati ya njia.

"Nimemwambia," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Yote. Kwamba silali. Kwamba nimesahau ndege angani. Akacheka. Akasema Wanyamwezi tangu zamani wana tabia ya kutelekeza mizigo ya watu njiani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikacheka. Ningefanyaje? Mtani akicheka, unacheka. Akapiga muhuri."

"Rudi."

"Nirudi nimwambie nini? Kwamba yale mengine ulikuwa utani, sasa nasema kweli?"

Alikikunja cheti akakitia mfuko wa shati. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika mkono, lakini tulikuwa mbele za watu, na siku zile mtu hakumshika mumewe mkono Mnazi Mmoja. Tulikwenda nyumbani, na kesho yake akapanda mnarani na cheti kinachosema ni mzima wa afya na akili.

Ndege zinazoshuka kutoka baharini siku nyingine zilikuwa zinapita juu ya mitaa yetu. Nilikuwa nikiisikia moja, naacha ninachofanya. Nasubiri nisikie kama kuna nyingine. Siku ya tatu ya hali hiyo nilivaa kanga yangu, nikaenda sokoni, nikashuka shimoni kwa yule mama.

Alikuwa amezungukwa na vifuu. Aliponiona aliacha panga. Nilimweleza kwa kifupi, maana nilikuwa namwomba msaada mtu niliyekuwa nikimwombea nazi zake zioze. Nikamwambia, "Dada, nenda wewe. Daktari ni Mzaramo mwenzako, atakusikiliza."

Akatikisa kichwa. "Mzaramo akimsema Mnyamwezi mbele ya Mzaramo, nani ataamini? Atanipa soda, tucheke, nirudi. Anatakiwa mtu ambaye hana utani na yeyote kati yetu." Akanitazama juu mpaka chini. "Nenda wewe. Na uende na sura yako hiyo hiyo uliyokuja nayo. Usiikunjue njiani."

Haya, nilikwenda. Na sura haikuhitaji kukumbushwa.

Daktari alinitambua. Akatabasamu, akauliza, "Mtani wangu mpagazi hajambo?"

Nikamwambia, "Daktari, mimi si mtani wako. Mimi Mmakonde wa Newala. Nakuomba usicheke mpaka nimalize."

Nikamwambia. Vikombe, viatu, watoto, macho wazi mpaka alfajiri, ile ndege ndogo. Nikamwambia kwamba mume wangu aliyasema yote haya hapa hapa kwenye kiti hiki, na wewe ukapiga muhuri. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, nadhani hata dukani chini walisikia. Daktari alivua miwani. Akasema kama anajiambia, "Maneno ni hayo hayo aliyoniambia. Nikaona huyu mtani hodari." Alichukua karatasi akaanza kuandika.

Walimshusha mnarani wiki ile ile. Hawakumfukuza, walimpa kazi ofisi ya chini, kupokea karatasi za marubani wanaoondoka. Akaandikiwa kuhudhuria kliniki ya akili hospitalini, mara moja kila wiki, akae na muuguzi mmoja wa kiume wazungumze. Mtaani wakasema karogwa na mtu anayemtamania kazi. Wengine wakasema majini ya baharini yamekasirika kwa kelele za ndege. Mtani wake akawaambia wote kwamba ni kichwa cha Kinyamwezi tu kimechoka kubeba, na wakacheka, na wakishacheka hawakuwa na cha kuongeza.

Kwangu alirudi na cheti kimechukuliwa. Alisimama mlangoni akasema, "Umeniondoa mnarani." Hakupiga kelele. Akaingia, akala, akashukuru kwa chakula. Na hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikipata kwa miezi: chakula kizuri, asante, watoto wamekula? Kliniki anakwenda, anazungumza na muuguzi. Uani anazungumza na muuza nazi. Na huyo muuguzi naye nikamwonea wivu, sina haja ya kuficha. Mume wangu alikuwa na maneno kwa jiji zima, mimi naletewa sahani tupu.

Na kicheko kikarudi. Muuza nazi alianza kumwita mpagazi asiye na mzigo. Akamwambia njoo sokoni nikuajiri, ubebe magunia ya nazi, angalau nazi haziruki. Akacheka mume wangu mpaka akajishika mbavu. Mimi niko jikoni nasikia. Nilitoka na mwiko wangu mkononi, nikamwambia yule mama uso kwa uso, "Kwenda kwa daktari umenituma mimi. Kuchukiwa nachukiwa mimi. Kucheka naye unacheka wewe. Haki iko wapi hapo?"

Sikutegemea anijibu kwa upole. Alisema, "Mwenzangu, kumchekesha ni kazi yangu, nilizaliwa nayo, na silipwi. Yako wewe mimi siiwezi."

Sikuridhika hata kidogo. Nilirudi jikoni, wali ulikuwa umeshika chini.

Mwaka ukazunguka, akaitwa tena kupimwa. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameandika kwamba anaendelea vizuri. Akipita, atarudishiwa cheti chake, atapanda mnarani. Alitaka, nilijua anataka. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa shati lake jeupe la kazi, na njia nzima kwenda Mchafukoge alikuwa akitembea mbele yangu kidogo kama mtu anayewahi.

Daktari safari hii alituingiza wote wawili. Hakumtania. Wala mume wangu hakumtania. Ilikuwa ajabu kuwaona wamekaa namna ile, Mzaramo na Mnyamwezi, kama watu waliogombana. Alimpima macho, masikio, moyo. Kisha akaniangalia mimi. "Mama, nakuuliza wewe kwanza. Analala?"

Nilikuwa nimeshajiandaa tangu nyumbani. Alikuwa analala zaidi ya zamani, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na siku najua yuko macho, anapumua kama aliyelala ili mimi nisijue, na hizo siku hazikuwa chache. Nililiona vizuri shati lake lile jeupe. Nikafikiri, neno moja tu, na nitakuwa nimemrudishia ndege zake mimi mwenyewe, mkono wangu, siyo muuguzi, siyo muuza nazi. Atarudi nyumbani anacheka na mimi. Nilikuwa nimechoka kushukuriwa kwa chakula.

"Analala, daktari," nikasema. "Amepona."

Daktari akavuta kile cheti karibu. Mume wangu akanyoosha mkono akauweka juu ya karatasi.

"Mke wangu ananionea huruma," akasema. "Bado, daktari. Juzi nilikuwa navuka barabara ya Msimbazi, ndege ikapita. Nilisimama katikati, magari yananipigia honi, nikashindwa kutembea mpaka nilipoisikia imetua. Nikiwa mnarani siku moja nitasimama hivyo hivyo." Akageuka akanitazama, mara ya kwanza kwa siku nyingi mno. "Hili hajui mtu. Muuguzi sijamwambia. Wala yule muuza nazi."

Alilisema la mwisho taratibu, kama mtu anayempa mtu kitu mkononi. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anajua kinachoniuma. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, machozi yananidondokea kwenye mkoba, uso unaniwaka kwa aibu ya uongo wangu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha, nayo ilikuwa kubwa kuliko aibu. Daktari alikifungia cheti kwenye mtoto wa meza. Akasema atamwongezea muda wa kliniki, na kazi ya chini ataendelea nayo.

Tulirudi kwa miguu. Safari hii alitembea sambamba nami. Hatukuzungumza mengi, aliniuliza kama kuna mchele nyumbani, nikamwambia umebaki wa leo. Tulipofika muuza nazi alikuwa amekaa kibarazani kwetu, kwenye kiti cha mume wangu, miguu ameinyoosha, anatusubiri.

"Mpagazi," akasema, "wamekurudishia mzigo?"

Mume wangu alimpita, akavua viatu mlangoni. "Muulize mke wangu," akasema, akaingia ndani kujilaza.

Muuza nazi akanigeukia. Macho yamemtoka, ana hamu ya kujua mpaka amesahau kutukana. Akaniuliza, "Enhe, ikawaje?"

Nikamwambia asubiri, naosha miguu kwanza.